AMP na Google: kuna upendeleo wa kweli au tunatishana tu?

kijana_wa_nyegezi

Wakuu habari za mihangaiko.

Naomba mnielimishe kwenye hili maana nimeshachanganywa vya kutosha. Nina kablogu kangu ka mpira, mambo ya Simba na Yanga, tetesi za usajili, msimamo wa ligi, nakahangaikia mwaka wa nne sasa. Kako kwenye WordPress, hosting ya bei chee, na wasomaji wangu karibu wote wanaingia kwa simu, wa kompyuta nawahesabu kwa vidole. Sasa wiki iliyopita kuna fundi mmoja wa tovuti kanifuata akaniambia bila kufunga AMP (ule muundo wa Google wa kurasa nyepesi za simu) siwezi kutokea juu kwenye simu hata niandike nini, eti Google anabeba kurasa za muundo wake mwenyewe kwanza ndo anakuja kwa wengine, na kwamba zile zinazokuwa na kialama cha radi pembeni ndo zinazopita mbele. Anataka laki tatu na nusu anifungie. Nikamuuliza jamaa yangu mwingine anayejua haya mambo akacheka akasema AMP ilishakufa zamani.

Kwahiyo nabaki njia panda. Swali langu ni hivi, ni kweli mwenye mtandao wa kutafuta vitu anaweza kuwa na muundo wake wa kurasa alafu huohuo akaupa nafasi ya mbele kuliko kurasa za kawaida? Na kama ni kweli, hiyo si ndo refa kucheza mpira? Msinijibu kwa mkato jamani, mimi mgeni kwenye haya mambo.

fundi_wavuti

Mkuu huyo fundi wako kachelewa treni. Biashara ya kuuza AMP ilikuwa ya moto 2017, 2018 hivi, mimi mwenyewe nimeila sana hiyo hela sikatai. Ila swali lako ni la maana kuliko unavyodhani ngoja nikuandikie kwa kirefu nina umeme leo.

Ilivyoanza ni hivi. Mwaka 2015 mwezi wa tano Facebook alitoa kitu kinaitwa Instant Articles, habari inafunguka humohumo ndani ya Facebook bila kwenda kwenye tovuti ya gazeti. Apple naye mwaka huohuo akaja na Apple News. Google akaangalia akaona habari zinahamia ndani ya mageti ya watu, na yeye riziki yake iko nje barabarani kwenye wavuti ya wazi, watu wasipotafuta yeye hali. Oktoba 2015 akatangaza AMP na Februari 2016 zikaanza kuonekana kwenye matokeo. Muundo wenyewe ni HTML (lugha ya kuandikia kurasa za wavuti) iliyopunguzwa manyoya, miaka ile ya mwanzo javaskripti yako mwenyewe huruhusiwi kabisa unatumia vipande vyao tu, CSS (maelekezo ya mwonekano wa ukurasa) mwisho kilobaiti 50 (baadae wakaongeza zikawa 75), picha huweki kwa njia ya kawaida unaweka kwa lebo yao. Alafu kubwa kuliko yote, nakala ya ukurasa wako inakaa kwenye kashi ya Google, yaani msomaji akibonyeza anasoma kutoka seva za Google, kwako hajafika.

Sasa upendeleo. Hapa watu wengi wanachanganya vitu viwili. Ukizungumzia zile linki za kawaida zinazopangwa moja mpaka kumi, Google siku zote amesema AMP peke yake siyo kigezo cha kukupandisha, kasi ndo kigezo, na mimi kwa hilo sina ushahidi wa kumbishia. Lakini juu ya zile linki kulikuwa na Top Stories, ule mkanda wa vipicha vya habari unaousogeza kwa kidole. Kwenye simu, kuingia pale sharti lilikuwa uwe na AMP, toka 2016 mpaka katikati ya 2021. Miaka mitano mkuu. Kwahiyo piga picha darasani, mtihani umesahihishwa kwa haki, hakuna aliyeongezewa hata maksi moja, ila mstari wa mbele wanakaa waliovaa sare iliyoshonwa na mwalimu mkuu tu. Wa kwanza kimtihani anakaa nyuma yao. Ukimuuliza mwalimu anakwambia mbona mtihani ulikuwa wa haki? Na kweli ulikuwa wa haki! Ndo maana ukibishana na Google kwenye neno "kigezo" utashindwa kila siku, bishana nae kwenye viti.

Na ile alama ya radi imetolewa kwenye matokeo 2021. Muulize fundi wako anaionea wapi.

mto_athi

Nimesoma hii nikakumbuka mbali. Niko Nairobi, miaka hiyo nilikuwa kwa desk ya mtandaoni ya gazeti flani, jina tuliache. Ukweli ni kwamba hakuna mtu alituuliza kama tunaitaka. Washindani wameingia kwa huo mkanda, wewe uko chini huko kwa linki za kawaida, mhariri anapiga kelele kwa nini habari yetu ilitoka kwanza na haionekani. Tukaweka. Na kusema haki wasomaji waliongezeka hiyo siwezi danganya.

Lakini sasa angalia maisha ndani ya hiyo nyumba. Anwani ya juu kwa brauza haisomi jina la gazeti, inasoma google.com/amp alafu ndio jina lako linafuata nyuma kama mkia. Msomaji akicopy anatuma kwa grupu la WhatsApp, linki inayotembea mjini ni ya Google. Kuna kimkanda juu kiko na alama ya X, akibonyeza harudi kwa ukurasa wetu wa mbele, anarudi kwa Google. Akitelezesha kidole pembeni anaingia habari ya gazeti lingine! Yaani umealika mgeni nyumbani kwako na mlango wa pili unafungukia kwa jirani. Fomu yetu ya kujisajili barua pepe ilikataa kuingia mle mpaka watu wa IT wakaiandika upya. Hesabu za wasomaji nazo zikawa ni kizungumkuti, mtu mmoja akisoma kwa AMP kisha aingie kwa tovuti yenyewe anahesabiwa wawili, tukawa tunaringia wageni ambao hawapo.

Na pia unatunza tovuti mbili. Kila kitu kipya unatengeneza mara mbili, na kule kwa AMP unatengeneza ukiwa umefungwa mikono. Gazeti kubwa la ng'ambo liko na mainjinia hamsini, sisi tulikuwa na wawili na mmoja alikuwa anasomea masters.

Januari 2018 developa wengi waliandika barua ya wazi kwa Google kulalamikia hayo mambo mawili hasa, kwamba nafasi ya mbele isiwe zawadi ya kutumia AMP, ipewe ukurasa wowote ulio na kasi, na kwamba msomaji asifungiwe ndani ya anwani ya Google. Nilishangaa kuona ni vitu vilevile tulikuwa tunanung'unika kwa kantini.

bando_la_jero

Mnalia nyie wenye tovuti, sisi wasomaji nani katuuliza?

Mimi niwaambie ukweli mchungu. Tovuti zetu za habari kipindi kile zilikuwa gunia la mawe. Unafungua habari ya aya nne, kwanza inakuja popapu ya kukubali taarifa, unafunga, video inaanza kujicheza yenyewe inakunywa bando, unatafuta pa kuizima tangazo linaruka chini ya kidole unajikuta umelibonyeza, ukirudi ukurasa unaanza kupakia upya. Bando la jero limeisha na hujajua nani kasajiliwa. Tulikuwa tunatumia Opera Mini sio kwa mapenzi, ni kwa sababu seva za Opera zinaukamua ukurasa kwanza ndo unaletewa. Kwahiyo AMP ilipokuja mimi nilishukuru. Bonyeza, hii hapa. Maandishi hayaruki, picha zinakuja ukifika kwenye picha.

Na huo mnaouita upendeleo ulikuwa wazi, masharti yameandikwa, kodi yake (code ya programu) iko wazi kila mtu anaiona, baadae 2019 mradi ukapelekwa kwenye OpenJS Foundation, taasisi ya programu huria. Hiyo sare fundi_wavuti anayosema inagawiwa bure getini, sasa kwanini mtu asivae? Mngekuwa mnatengeneza kurasa nyepesi toka mwanzo Google asingekuwa na sababu ya kuleta hiyo kitu. Mlizembea akaja mtu akawapangia.

Tena Google sio peke yake. Yandex huko Urusi alikuja na kurasa zake za Turbo na Baidu wa China akaja na MIP, mambo ni yaleyale, kila mwenye duka la kutafutia alishachoka na kurasa nzito.

fundi_wavuti

@bando_la_jero ndugu yangu hapo kwenye uzito wa tovuti nakuunga mkono mikono miwili, na hao waliojaza popapu wengine ni wateja wangu, nilikuwa naweka huku roho inaniuma. Ila kuna kitu umekipita haraka. Ule wepesi uliokuwa unauona, "bonyeza hii hapa", haukutokana na muundo peke yake.

Nieleze. Wewe ukiwa bado kwenye ukurasa wa matokeo unasoma vichwa vya habari, Google alikuwa anaanza kuzipakia kurasa za AMP kimyakimya nyuma ya pazia, ile sehemu ya juu ya ukurasa inaandaliwa kabla hujabonyeza. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu nakala iko kwenye kashi yake mwenyewe. Akifanya hivyo kwa tovuti ya kawaida, hiyo tovuti ingejua fulani katafuta kitu kinachohusiana na sisi kabla hata hajaamua kuingia, ni kuvujisha siri ya mtu, kwahiyo kipindi kile alikuwa hafanyi. Sababu ya faragha ni ya kweli, sibishi. Lakini matokeo yake mashindano yanakuwa mmoja anaanzia mita mia na mwenzake anaanzia mita themanini, alafu mwisho tunasema huyu ana mbio. Na hilo bando lako la jero nalo lilikuwa linalipia kurasa ambazo wala hukuzifungua, hata kama ni kidogo.

Alafu jingine wengi hawalijui. Fungua kodi ya ukurasa wowote wa AMP, pale juu kuna kipande cha lazima ambacho kinauficha mwili mzima wa ukurasa mpaka skripti ya AMP ifike kutoka seva ya ampproject. Skripti isipofika, labda mtandao umekwama au mtu kazuia skripti, ukurasa unabaki mweupe kwa sekunde 8 ndo unajitokeza. Sekunde nane! Maandishi yapo tayari kwenye simu yako, yameshafika, yamefichwa yanamsubiri mkubwa apite. Ukurasa wa HTML mtupu niliouandika kwa mkono ungekuwa umeshasomwa na mtu kaenda zake.

Kwahiyo kama hoja ni kasi, zawadi wapewe wenye kasi. Mwenye ukurasa wa kilobaiti 40 usio na AMP alikuwa mwepesi kuliko AMP nyingi tu na bado kwenye ule mkanda hakuruhusiwa kukanyaga.

bando_la_jero

Hiyo ya sekunde 8 sikuwa naijua. Haya endelea.

wakili_wa_chumbani

Naomba niingie kidogo upande wa sheria, jina lisiwadanganye mimi ni msomaji tu wa kesi za watu.

Mleta uzi ameuliza kama refa anaruhusiwa kucheza. Ulaya walishalijibu swali linalofanana na hili ila kwenye kesi ya maduka siyo ya AMP. Tarehe 27 Juni 2017 Kamisheni ya Ulaya ilimpiga Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa sababu huduma yake ya kulinganisha bei aliiweka juu kabisa ndani ya kisanduku chenye picha, na huku huduma za wenzake zikishushwa na kanuni zake za kupanga matokeo. Kamisheni ikasema hata mshindani aliyefanya vizuri kuliko wote kwa wastani alikuwa anaonekana ukurasa wa nne. Wa nne jamani, nani anafika huko, labda anayeandika tasnifu. Google akakata rufaa, akakata tena, na Septemba 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya ikamgongea msumari wa mwisho, faini ikabaki.

Kinachonivutia kwenye ile kesi ni kwamba kuwa na huduma yako mwenyewe halikuwa kosa, na kuwa mkubwa halikuwa kosa. Tatizo ni kipimo kimoja kwa wengine na kipimo kingine kwa mtoto wa nyumbani. Kile kisanduku chake hakikupitia mchujo uliowashusha wenzake. Sasa rudi kwa mfano wa fundi_wavuti wa viti vya mbele utaona ni ndugu moja. Ila tofauti ipo na tuwe wakweli, kurasa za AMP hazikuwa mali ya Google, zilikuwa za magazeti wenyewe, kwahiyo huwezi kusema moja kwa moja amejipendelea. Amependelea waliokubali kukaa kwenye uwanja wake.

Kwanini atake wakae kwenye uwanja wake? Hapo ndo inakuja kesi ya Texas. Desemba 2020 wanasheria wakuu wa majimbo kadhaa ya Marekani wakiongozwa na Texas walimshtaki Google kuhusu soko la matangazo, na sehemu zilizokuwa zimefunikwa wino zilipofunguliwa Oktoba 2021 ikaonekana wanadai kwamba AMP ilitumika kuwakwamisha wenye tovuti wasiuze matangazo yao kwa mnada wa wazi ambao Google haushiki yeye, na kwamba matangazo yasiyo ya AMP yalikuwa yanacheleweshwa sekunde moja kwa makusudi ili AMP ionekane ina kasi. Google alikana. Haya ni madai ya upande mmoja wa kesi, msiende kuyatangaza kama hukumu, ila ndo mjue kwanini watu walioichukia AMP waliongezeka ghafla mwaka ule.

Ulaya sasa wana sheria nyingine, DMA (ya masoko ya kidijitali), inamhusu Google toka Machi 2024, inakataza waziwazi kupanga huduma zako juu ya za wengine. Machi 2025 Kamisheni ilitoa maoni ya awali kwamba kwenye utafutaji bado anavunja. Sisi huku haituhusu moja kwa moja, tunaangalia kwa dirishani.

mto_athi

Hapo kwa matangazo umenigusa. Desk yetu pesa kwa kila kurasa elfu za AMP ilikuwa chini kuliko kwa tovuti yenyewe na hakuna mtu alikuwa anatueleza kwa nini, tukadhani ni sisi hatujui kupanga. Siwezi sema sababu ni hiyo ya Texas, inaweza kuwa nafasi za matangazo zilikuwa chache tu. Lakini boss alikuwa anaangalia grafu moja ya wasomaji inapanda na grafu ya pesa imelala, anauliza hawa watu wote wanakula wapi.

pilau_bila_nazi

Kwahiyo ile laki tatu na nusu itafute kazi nyingine 😂😂

dada_wa_kode

Shikamooni wakubwa, mimi nimechelewa ila naona kuna sehemu moja bado. Mmeongea AMP kama imeisha na kweli kwa upande wa sharti imeisha. Mei 2020 Google alitangaza kwamba Top Stories kwenye simu itafunguliwa kwa kurasa zote, na kuanzia katikati ya Juni 2021 ikawa hivyo, na kwenye kupanga matokeo akaanza kuangalia kitu kinaitwa Core Web Vitals. Twitter akaacha kuzifungua AMP mwaka huohuo, 2022 Brave na DuckDuckGo wakaweka kitu kinachomrukisha msomaji kwenye AMP kumpeleka kwenye ukurasa halisi. Hata Instant Articles yenyewe iliyoanzisha mbio zote hizi Facebook aliifunga Aprili 2023.

Ila swali la haki halijafungwa nalo, kwa maoni yangu limehama chumba tu. Hizi Core Web Vitals zinapima vitu vitatu. Kwanza kitu kikubwa kwenye skrini kinatokea baada ya muda gani, nzuri ni ndani ya sekunde 2.5. Pili ukurasa unarukaruka kiasi gani, usizidi 0.1. Tatu ukibonyeza unajibiwa haraka kiasi gani, toka Machi 2024 wanatumia INP na inatakiwa isizidi milisekunde 200. Vipimo vizuri kabisa, na havimuulizi mtu umetumia muundo wa nani. Kaka bando_la_jero atafurahi.

Sasa sikilizeni vinapopimwa. Vipimo vinatoka kwa watu halisi wanaotumia Chrome, kwa siku 28 zilizopita, na wanachukua ile alama ambayo robo tatu ya ziara zimeifikia au kuizidi kwa uzuri. Maana yake ni nini? Mimi na mtu wa Berlin tunaweza kuwa na tovuti yenye kodi ileile neno kwa neno, yeye wasomaji wake wana simu za bei mbaya na waifai ya nyumbani, wangu wana simu za laki moja na nusu, RAM giga 2, wako kwenye daladala kati ya Mbezi na Kibaha mtandao unaenda unarudi. Yeye anapata kijani mimi napata nyekundu. Hakuna aliyenionea! Kipimo ni kilekile. Ila kinawapima wasomaji wangu umaskini wao alafu cheti ananipa mimi. Nilipomweleza mteja wangu mmoja hivyo alidhani namtafutia sababu ya kazi mbovu.

Kitu kinachoniokoa ni kwamba kwenye utafutaji wa Kiswahili washindani wangu nao wanasomwa na watu walewale kwenye daladala zilezile, kwahiyo tunalingana kwenye shida. Maumivu yanakuja pale unaposhindana kwa Kiingereza na tovuti ya nje kwa neno moja. Na hata hivyo Google wenyewe wanasema ukurasa unaojibu swali vizuri utampita wa kasi usiojibu, kwahiyo mtu asikose usingizi. Hicho kigezo ni cha kuamua kati ya wawili waliokaribiana.

@kijana_wa_nyegezi kama wasomaji wako ni wachache sana inawezekana hata data ya kukupima haipo. Ingia Search Console (zana ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali yake kwenye utafutaji) angalia.

fundi_wavuti

Dada umeongea. Hiyo ya daladala naiiba, ntaitumia kwa wateja.

Naongeza moja tu, kujibu na lile la bando kwamba "mlizembea akaja mtu akawapangia". Tofauti ya AMP na hizi namba za sasa ni kwamba namba hazikunyang'anyi anwani. Ukishindwa sekunde 2.5 umeshindwa ukiwa kwako. Walijaribu kurekebisha lile la anwani 2019, wakaleta utaratibu ambao tovuti inasaini ukurasa wake alafu Chrome inaonyesha jina la tovuti hata kama ukurasa umetoka kwenye kashi ya Google. Mozilla, wenye Firefox, wakaupinga wakasema una madhara kwa wavuti. Ikabaki Chrome na brauza za ukoo wake zinaheshimu sahihi, Firefox na Safari hazitaki. Ukiona suluhisho la mtu linafanya kazi kwenye brauza yake na za ukoo wake tu, ujue bado uko kwenye duka lake.

kijana_wa_nyegezi

Wakuu nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, mmenifungua macho. Nimefanya mnavyosema.

Kwanza Search Console kwenye Core Web Vitals inasema data haitoshi, nikacheka mwenyewe, miaka minne yote hiyo.

Pili nikajaribu kitu, nikafungua habari yangu moja ya zamani nikaongeza /amp mwisho wa linki ili nione nini kinatokea. Wakuu, ukurasa UMEFUNGUKA. Ni ule mweupe mweupe usio na menyu, nembo yangu imekaa upande. Kumbe themu niliyonunua ilikuwa na plagini ya AMP ndani yake imewashwa toka siku ya kwanza. Yaani jamaa alikuwa anataka kuniuzia laki tatu na nusu kitu ambacho ninacho, na sijawahi kukiona! Nikamtumia picha. Akanijibu na picha yake ya ushahidi, ya matokeo ya Google yenye kile kialama cha radi. Nikakuza tarehe pale kwenye habari. 2018.

Sasa swali dogo la mwisho. Nataka kuitoa maana ule ukurasa ni mbaya na tangazo langu la duka la jezi halionekani kabisa mle. Nikizima plagini tu inatosha au ntaharibu kitu?

dada_wa_kode

Usizime tu ukaondoka kaka. Linki za /amp zimeshatapakaa, Google anazijua na watu wameshazituma kwenye magrupu, ukizima ghafla wanakutana na 404, yaani ukurasa haupo. Kwanza ondoa ile lebo ya amphtml (inayomwonyesha Google ilipo nakala ya AMP) kwenye kurasa zako za kawaida, plagini nyingi ukizizima inatoka yenyewe ila hakikisha kwa kuangalia kodi. Alafu weka redairekti ya 301 (agizo la kumhamisha msomaji moja kwa moja) kila linki ya /amp irudi kwenye ukurasa wake halisi, siyo zote ziende ukurasa wa mbele, hilo kosa watu wanalifanya sana. Iache hiyo redairekti hata mwaka. Kwenye ripoti ya AMP ndani ya Search Console utaona idadi inashuka polepole, usishtuke ndo inavyotakiwa.

Alafu kabla ya yote punguza zile picha. Nimeingia kwenye blogu yako sasa hivi, picha ya mchezaji mmoja ina megabaiti 4.

kijana_wa_nyegezi

Hiyo naitoa moja kwa moja kwenye simu dada, sikujua kama inatakiwa ipunguzwe. Naanza nayo usiku huu.

bando_la_jero

Megabaiti 4 😭 alafu tunamlaumu Google.